Kabla Hujakubali Deni la Stima

Shilingi 64,000. Ndiyo jumla iliyoandikwa kwenye bili ya nyumba ya vyumba viwili pale Mtongwe, au Mshomoroni, au Chaani, na siku ya mwisho ya kulipa ni wiki ijayo. Wengi wetu tukifikwa na bili ya namna hii hufanya moja kati ya mawili. Wapo wanaokimbia kutafuta pesa: wauze friji, wamwendee shemeji, wachukue mkopo wa simu. Na wapo wanaonyamaza, wakangoja watu wa stima waje na ngazi. Wote wamefanya kosa lile lile, la kukubali deni kabla ya kujua ni la nani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni au Changamwe, na unadaiwa pesa ambazo mshahara wa mwezi haufikii hata robo yake. Deni la ukubwa huo mara chache huwa kitu kimoja. Ndani yake mna stima uliyoitumia kweli, mna makisio ya kampuni, mna deni aliloliacha mpangaji wa kabla yako, na mna pesa ulizompa mwenye nyumba zisifike zilikokuwa zinakwenda. La kwanza ni lako na itabidi ulilipe. Hayo mengine yanabishika, lakini yanabishika kwa karatasi. Kwa kelele hutapata kitu.

Anza kwenye mita

Kama mita yako ni ya bili, ile ya kutumia kwanza na kulipa baadaye, kuna namba mbili zenye maana kuliko ile ya shilingi: namba ya mita iliyosomwa mwezi uliopita na namba ya mwezi huu. Toka uani ukaisome mita mwenyewe. Ikionyesha namba ndogo kuliko iliyo kwenye bili, hakuna aliyekuja kusoma; wamekisia. Hutokea sana kwenye nyumba ambazo mita iko ndani ya geti linalofungwa mchana, au nyuma ya magunia ya makaa. Piga picha namba ya mita na hesabu iliyopo, na uandike tarehe. Kenya Power inamruhusu mteja kujisomea mita na kutuma hesabu kwa *977# au kwa programu ya MyPower. Anza kufanya hivyo kila mwezi, tarehe ile ile, na makisio yatakuwa na kitu cha kushindana nacho.

Kinyume chake nacho kipo. Wanakisia kidogo kwa miezi mingi, kisha msomaji anafika siku moja na kukuta yuniti zote zimelimbikana. Hapo deni ni la kweli, ila limekuangukia kwa mpigo bila wewe kukosea. Omba mambo mawili: yuniti hizo zigawanywe kwenye miezi zilipotumika, na upewe muda wa kulipa unaolingana na muda ambao hukusomewa.

Kisha fanya hesabu ya dukani. Nyumba inayopita yuniti 100 kwa mwezi hulipa karibu shilingi 30 kwa yuniti moja, ukijumlisha ada na kodi. Kwa hiyo shilingi 64,000 ni kama yuniti 2,100. Friji ndogo hula yuniti moja au zaidi kidogo kwa siku. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi ni yuniti 0.6. Taa na televisheni si kitu kikubwa. Nyumba ya namna hiyo hutumia yuniti 80 hadi 120 kwa mwezi, na yuniti 2,100 ni matumizi yake ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Ikiwa umehamia miezi saba iliyopita na umekuwa ukilipa, hesabu haikubali na una kesi. Lakini ikiwa una frizi ya kuuzia barafu na samaki na hita ya kuogea, usijidanganye. Hita ya wati 5,000 ikiwaka dakika kumi inakaribia yuniti nzima, na hiyo ni kwa kila anayeoga.

Jaribio la mwisho halina gharama. Zima swichi kuu ya nyumba uangalie mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaokwenda kwingine: kwa jirani, kwa kinyozi aliye mbele ya nyumba, kwenye pampu ya kisima, au ardhini kupitia waya uliochunika. Pwani yetu ina chumvi na unyevu, na waya wa zamani hauhimili. Usiuguse. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mdhibiti wa nishati nchini, na akuandikie alichokiona.

Kuhusu ile mistari mingi ya ada chini ya bili, usipotezee pumzi ofisini. Ipo ya mafuta, ya kubadilika kwa dola, ya mfumuko wa bei, ushuru wa stima ya vijijini wa asilimia 5 na kodi ya VAT ya asilimia 16. Karani hana uwezo juu ya hata mmoja. Ule wa mafuta wakazi wa Changamwe wana haki ya kuuchukia kuliko wengine wote, kwani mtambo wa Kipevu III wa kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, megawati 120, unachoma mafuta mazito mlangoni kwao tangu 2011, na bado wanalipa sawa na mtu wa Eldoret.

Na usione haya kuishuku bili. Mwaka 2018 wakili Apollo Mboya aliipeleka Kenya Power Mahakama Kuu kwa sababu ya bili za kurudishwa nyuma, na malalamiko ya bili zilizovimba yakajaa nchi nzima.

Nyumba moja, vyumba sita, mita moja

Hapa ndipo madeni mengi ya upande wetu huzaliwa. Unaijua nyumba yenyewe: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani, na mita moja iliyoandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. Mwenyewe huenda yuko Muscat, au Malindi, au amefariki na warithi hawajapatana. Huenda hata ni nyumba bila ardhi, kiwanja kina mtu wake mwingine. Kila mpangaji anatoa kiasi fulani kwa mwezi, shilingi 500 au 700, anampa mmoja wao akalipe. Miezi inakwenda. Siku moja ngazi inaegemezwa ukutani.

Kuna jambo la bei ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Tangu Aprili 2023 EPRA imewagawa wateja wa nyumbani makundi matatu kwa wastani wa matumizi yao: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa kati mpaka 100, na wanaozidi 100. Bei ya msingi ilianza kwa shilingi 12.22 kwa yuniti kwa kundi la chini na shilingi 20.97 kwa la juu, kabla ya ada na kodi. Sasa angalia vyumba vyetu sita. Kila kimoja kina taa, simu na televisheni, kinatumia yuniti 25. Kila chumba kingekuwa na mita yake, wote sita wangekuwa kundi la chini. Mita ikiwa moja, jumla ni yuniti 150, na nyumba nzima inaingia kundi la juu pamoja na bwana mwenye kiyoyozi kule Nyali. Hii ndiyo sababu michango inayoonekana kutosha haitoshi, na deni linakua hata pale ambapo hakuna aliyekula pesa za mwenziwe.

Dawa ya kudumu ni kila chumba kuwa na mita yake ya Kenya Power. Ikishindikana, mita ndogo za kununua madukani husaidia kumaliza ugomvi, kwa sababu kila mtu ataona alichotumia, ila hazibadilishi kundi la bei. Na zikiwekwa, jumlisheni hesabu zake kila mwezi mzilinganishe na mita kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, kuna anayekula stima bila kuhesabiwa.

Deni ambalo tayari lipo ligawanyeni hivi. Kaeni ukumbini siku ambayo wote wapo, mchukue daftari, na kila mmoja aseme alihamia lini na ametoa kiasi gani, kisha aonyeshe jumbe za M-Pesa. Aliyekuja Januari hawezi kubeba deni la mwaka uliotangulia. Mwenye frizi na anayechomelea geti uani watachukua sehemu kubwa zaidi, na ni vyema waambiwe mbele ya watu kuliko kusengenywa. Mkimaliza, kila mmoja atie sahihi. Daftari hilo haliifungi Kenya Power, lakini linawafunga nyinyi, na litakuwa ushahidi mkifika mbele.

Ikionekana kwamba mlimpa mwenye nyumba pesa na hakuzipeleka, basi deni ni lake. Mwendeeni kwa adabu, ikiwezekana na mzee wa mtaa. "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa jambo la stima. Hizi hapa risiti zetu za miezi yote, na hii ndiyo bili. Tunaomba tujue pesa zilikwama wapi." Akikubali deni likatwe kwenye kodi ya nyumba, aandike na atie sahihi. Msikate kodi kwa uamuzi wenu, mtafukuzwa na haki itakuwa upande wake. Akikataa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa inasikiliza kesi za pesa zisizozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kwa vyumba ambavyo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kuna pia Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, na hilo linafaa hasa mwenye nyumba anapowakatia stima mwenyewe ili mhame.

Deni la aliyehama

Mpangaji anahama usiku, wewe unaingia asubuhi, na akaunti ya mita inabaki na deni lake. Ukishaanza kulipa bila kusema kitu, ni vigumu baadaye kueleza lipi lake na lipi lako. Kabla ya kumpa mwenye nyumba pesa ya mwanzo, chukua namba ya mita uulize salio kwa *977#. Siku ya kuhamia, piga picha ya mita na umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp, ili tarehe iwe kwenye simu mbili.

Kwa mita ya tokeni, dalili iko kwenye ujumbe wa ununuzi. Ujumbe huo huonyesha ulicholipa, kiasi kilichokwenda kwenye tokeni na kiasi cha ada nyingine. Kama shilingi 500 ilikuwa inakupa yuniti 17 na ghafla inakupa tisa, usidhani bei imepanda. Kuna deni linakatwa. Huenda ni deni la mita ya zamani lililohamishwa, au ni ada ya kuunganishiwa stima. Waliounganishiwa chini ya mradi wa Last Mile, ulioanza 2015 kwa ada ya shilingi 15,000, wengi walikubaliwa kulipa kidogo kidogo. Uliza deni ni la nini, lilikuwa kiasi gani na limebaki kiasi gani. Nimeona watu wakikatwa miaka bila kuuliza hata mara moja.

Ukienda ofisini

Nenda mapema, asubuhi, na kama unatoka Likoni hesabu na foleni ya feri. Beba kitambulisho, bili, picha za mita, jumbe za malipo na mkataba wa upangaji. Kama akaunti si ya jina lako, pata barua fupi ya mwenye nyumba inayokuruhusu kuizungumzia, na nakala ya kitambulisho chake. Kama amefariki, mrithi mmoja aende na cheti cha kifo. Bila hivyo utasikilizwa kwa huruma na kurudishwa nyumbani.

Ombi lako la kwanza liwe taarifa ya akaunti, mwezi kwa mwezi, tangu ulipohamia. Punguzo lisubiri. Taarifa hiyo ndiyo itakayokuonyesha mwezi deni liliporuka. Kisha toa barua, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Unaweza kuandika hivi:

"Mimi ni mpangaji wa nyumba yenye mita namba … tangu tarehe … Bili ya mwezi … inaonyesha deni la shilingi … Nilipoisoma mita tarehe … ilionyesha … na picha nimeambatisha. Naomba mita ikaguliwe, naomba taarifa ya akaunti tangu mwezi … na naomba stima isikatwe wakati mnachunguza. Naendelea kulipa matumizi ya kila mwezi. Malipo hayo si kukubali kiasi chote kinachodaiwa."

Sentensi ya mwisho isikutoke. Sheria ya Kenya inayohusu muda wa kufungua kesi inampa anayedai deni la mkataba miaka sita kulifuata mahakamani, lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi au akilipa sehemu yake, miaka huanza kuhesabiwa upya. Kama sehemu ya deni ni ya kale, sahihi moja ya haraka kwenye kaunta inaweza kulifufua. Hilo ni la mahakamani tu. Halizuii kampuni kukata waya leo.

Sehemu ambayo umekwisha kujua ni yako, ipangie malipo ya awamu. Wape kianzio, kisha kiasi cha kila mwezi juu ya bili ya kawaida. Usiahidi kwa aibu. Mtu anayefanya kazi hotelini Shanzu anajua Aprili mpaka Juni hakuna wageni, na mvuvi wa Likoni anajua kusi ikivuma chombo hakitoki. Omba awamu ndogo kwa miezi hiyo na kubwa kwa Desemba. Ni rahisi kuyaomba haya siku ya kwanza kuliko kurudi kuomba msamaha baada ya kuvunja ahadi, kwa sababu ukishavunja, kampuni hukata na kudai jumla yote pamoja na ada ya kurudishiwa.

Wala usidhani kuomba awamu ni jambo la wanyonge. Machi 2017 TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilitishia kuikatia Zanzibar kwa deni la mabilioni, na Rais wa Zanzibar wakati huo, Ali Mohamed Shein, akajibu kwamba watawasha vibatari. Februari 2025 serikali ya kaunti ya Nairobi ilimwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, katika ugomvi wa nani anamdai nani. Mambo haya huishia mezani. Wewe huna lori la taka, una barua yenye muhuri.

Pesa itoke wapi

Mikopo ya simu ndiyo mtego mkubwa. Ukilipa stima kwa Fuliza, kila siku isiyolipwa ina ada yake, na baada ya mwezi una madeni mawili, na hili jipya ni kali zaidi. Okoa Stima ya Safaricom inafaa kwa giza la usiku mmoja kabla ya mshahara. Haifai kwa deni la maelfu. Chama ni afadhali, hasa zamu yako ikiletwa mbele kwa makubaliano. Na kama kuna kijana wa nyumbani aliyeko Doha au Jeddah, mwombe alipie awamu moja kwa moja kwenye akaunti ya mita. Pesa ikipita kwa watu watatu hufika imechoka.

Lipa kwa Paybill ya kampuni peke yake: 888888 kwa mita ya bili, 888880 kwa tokeni. Yeyote anayebisha mlango na kitambulisho shingoni akitaka utume kwa namba yake ya simu "ili asikate" ni mwizi, au ni mfanyakazi anayeiba. Kwako hakuna tofauti, kwa sababu deni litabaki pale pale.

Wakati huo huo punguza kinachoingia. Frizi nusu tupu ijaze chupa za maji au uizime. Raba ya mlango wa friji ikilegea, ibadilishe kabla ya kufikiria friji mpya. Pasi nguo za wiki nzima mara moja. Wapangaji wenzangu wa vyumba vya bati hawawezi kuzima feni kwenye joto la Februari na sitawaambia wafanye hivyo.

Yule fundi wa usiku

Ukishakatiwa atakuja. Atakuambia kwa shilingi elfu mbili anakurudishia, mita isihesabu. Kujiunganishia stima au kuchezea mita ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na utakayekamatwa ni wewe mwenye chumba, fundi hatakuwepo. Lakini hata ukiweka sheria kando, fikiria nyumba ya makuti au ya mbao, waya usio na fyuzi umepita juu ya dari, na watoto wamelala. Tena ukikamatwa na kosa hilo, hoja zako zote za makisio na deni la mpangaji wa zamani zimekufa, kwa maana hakuna atakayeamini picha ya mita iliyochezewa.

Wakikataa kukusikiliza

Lalamiko lazima lianzie kwa Kenya Power na lipewe namba ya kumbukumbu, iandike. Wasipojibu, au wakijibu usiporidhika, peleka barua ile ile, nakala yenye muhuri na picha zako kwa EPRA, ambayo ndiyo mdhibiti. Ukicheleweshwa na kuzungushwa, Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ina kazi hasa ya kushughulikia ofisi za umma zinazomzungusha mwananchi. Kama unahitaji mtu wa kukusomea karatasi za kisheria bila malipo, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa.

Juu ya EPRA kuna Baraza la Rufaa la Nishati na Petroli. Unapewa siku 30 tangu kupokea uamuzi wa EPRA kukata rufaa huko, na wengi hukosa haki yao kwa kuiacha barua kwenye droo. Ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea, siku hiyo hiyo.